Siku ya Mia Mbili na Kumi na Nne ya Dirisha Namba Nne

Nchi ninayoisimulia haipo. Ikiwa ipo, si ya kwenu. Na ikiwa ni ya kwenu, basi si mimi niliyewaambia. Inaitwa Jamhuri ya Subira, na mimi ni mtumishi wake mwaminifu, Mfaume Kilongola, Karani Daraja la Tatu katika Kitengo cha Kusubirisha, miaka ishirini na miwili bila onyo hata moja.

Kazi ya kitengo chetu watu hawaielewi. Wanadhani mwananchi husubiri kwa sababu serikali imelala. Hapana. Kumsubirisha mtu ni utaalamu, na tuna vyeti. Mwananchi akihudumiwa siku ileile atazoea vibaya, mwisho atadai na maji ya bomba. Ndiyo maana jengo letu lina madirisha tisa, na linalofunguka ni Namba Nne peke yake, ambalo nakaa mimi. Mtu akifika mbele naipokea karatasi yake, naitazama juu, naitazama chini, kisha namwambia kwa upole, "Njoo kesho." Na kesho anakuja. Tuna raia wasikivu sana.

Lazima pia nieleze habari ya jiwe. Kwetu Subira mtu akitoka kwenye foleni, iwe ni kwenda msalani au kwenda kuzika, huweka jiwe mahali pake. Jiwe hilo kisheria ni yeye mwenyewe. Wenzake hulisogeza kwa mguu foleni inaposogea, na hakuna anayethubutu kulipita. Nimewahi kuhudumia mawe saba mfululizo, yote nikayaambia njoo kesho, na hakuna hata moja lililonijibu vibaya. Kuacha nafasi bila jiwe ni jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwenye akili timamu. Nimemwona mzee akizimia juani, lakini aliweka jiwe kwanza.

*

Kwa miaka minne mtu wa kwanza dirishani kwangu alikuwa Bi. Siwatu, mshonaji wa mashuka, mwanamke mwembamba mwenye bahasha ya kaki kwapani na ndala moja iliyofungwa kwa waya. Mumewe, Mwinshehe, alikuwa kinyozi. Siku moja hotuba ya Mlezi wa Taifa ilikuwa ikisomwa redioni, na ilipoingia saa ya tatu, kinyozi yule akapiga miayo mbele ya wateja wawili. Alishtakiwa kwa kufungua kinywa bila idhini, akafungwa mwezi mmoja. Mwezi ule ulikwisha. Lakini Hati ya Kumaliza Kifungo inahitaji Muhuri Mkuu, na Muhuri Mkuu hukaa kwa Waziri wangu ndani ya kasha la chuma, hautoki ila siku ya kuapisha mawaziri wapya.

"Gerezani wanampenda," Bi. Siwatu aliniambia asubuhi moja. "Anawanyoa askari wote. Mkuu wa gereza mwenyewe ananiambia, shemeji, hata mimi naona haya kukaa na mtu aliyemaliza. Niletee muhuri tu, atatoka. Kaka Mfaume, ni muhuri tu."

Nikaitazama karatasi juu, nikaitazama chini.

"Njoo kesho, dada," nikasema. Msinitolee macho. Nilikuwa kazini.

Nyuma yake siku hizo alisimama Chiponda, mtunzi wa michezo ya kuigiza, akiomba kibali cha mchezo wa mfalme na simba. Alisimama pale miezi mitano. Bi. Siwatu alikuwa na tabia ya kuimba chini chini akisubiri, na waliokuwa nyuma yake walishazoea kumwitikia, hata bibi mmoja mgomvi aliyekuwa akiomba kibali cha kisima. Mwezi wa sita Chiponda alimsahau mfalme, akamsahau na simba, akaenda Ofisi ya Ukaguzi wa Sanaa na wazo jingine.

"Kuna vita?" Mkaguzi aliuliza.

"Hakuna, mzee."

"Mapenzi ya hadharani?"

"Hayamo."

"Wafalme?"

"Hata mmoja."

"Sasa jukwaani watu wanafanya nini?"

"Wanasimama kwenye foleni, wanaimba."

Mkaguzi alifurahi mno. Aliamua kwamba mchezo usio na tukio hauhitaji kibali, kwa kuwa vibali hutolewa kwa matukio. Ukaitwa "Dirisha Namba Nne", ukaanza kuonyeshwa katika ghala la zamani la pamba, saa kumi alasiri, nusu saa baada ya ofisi yetu kufungwa.

*

Muziki wake ulikuwa wa ajabu. Hapakuwa na gitaa wala ngoma. Palikuwa na taipureta mbili, stepla sita, na mlango wa kabati la chuma usiopakwa mafuta, ambao mama mmoja aliufungua na kuufunga kwa ustadi mpaka watu wakasisimka. Jukwaani walisimama watu arobaini kwa mstari, Bi. Siwatu mwenyewe mbele, akiimba yaliyomkuta asubuhi. Mwishoni dirisha linafunguka, karani anatokeza kichwa, anasema njoo kesho, dirisha linafungwa. Mchezo umekatikia hapo. Anayetaka kujua kilichofuata aje kesho.

Watu wakaja kesho. Wakaja keshokutwa. Siku ya arobaini ghala halikutosha, foleni ya kuingia ikatoka nje, ikazunguka soko, ikaanza kuimba yenyewe bila waigizaji. Mashabiki wakajiita Wanafoleni. Wakavaa kama Bi. Siwatu: bahasha ya kaki kwapani, ndala ya waya mguu mmoja, wanaume kwa wanawake. Hawakusalimiana tena kwa hujambo, waliulizana, "Siku ya ngapi?" Watu wawili walichumbiana mstarini, na mtoto mmoja wa mtaa wa Chumvini akapewa jina la Stepla.

Waziri wa Utaratibu na Furaha, Mheshimiwa Dakta Lupondo Makwinya, aliniita ofisini kwake.

"Mfaume," alisema, "wananchi wanafurahi bila ratiba. Nenda kaone wanafurahia nini. Furaha isiyo na kibali ni dalili."

Nikaenda. Nilinunua bahasha, nikafunga ndala yangu kwa waya, yote kwa ajili ya upelelezi. Dirisha la jukwaani likafunguka, nikajiona mimi. Aliyeigiza alikuwa fundi viatu mmoja mnene, na mimi si mnene, lakini sauti ilikuwa yangu. Kuitazama karatasi juu na kuitazama chini kulikuwa kwangu. Watu mia tisa wakaimba pamoja naye "njoo kesho" kwa sauti tatu, wakafuta machozi, wakatoka wakisukumana.

Niliandika katika taarifa kwamba upelelezi unahitaji siku zaidi. Niliandika hivyo mara mia moja na sabini.

Ukweli ni kwamba kila kilichotokea dirishani kwangu asubuhi kilionekana jukwaani alasiri. Siku ya themanini na nane niliinua nyusi. Nadhani ni nzi. Alasiri fundi viatu aliinua nyusi, na ghala zima likasimama. Mama wawili walizirai, baada ya kuweka mawe. Gazeti la serikali liliandika ukurasa mzima: je, nyusi ile ni matumaini? Siku ya mia moja na ishirini nilikohoa, na nakiri nilikohoa makusudi. Wanafoleni wakagawanyika, Wanyusi wakisema karani ana moyo, Wakohozi wakisema hana, ana mafua. Waliacha kusalimiana kwa wiki mbili. Mimi nilisimama katikati yao na bahasha yangu, nikisikia watu wasionijua wakinijadili, na sikumbuki lini niliwahi kuwa mtu muhimu hivyo.

Bi. Siwatu peke yake hakuwa upande wowote. Asubuhi alikuja dirishani, alasiri alisimama jukwaani. Aliimba vilevile pote pawili. Nadhani yeye hakujua kama kuna mchezo.

*

Mambo yaliharibika Siku ya Utulivu, sikukuu yetu kubwa. Uwanja ulijaa. Mlezi wa Taifa alipanda jukwaani na fimbo yake ya dhahabu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mwaka huu, barabara za lami!"

Uwanja mzima, kwa adabu na kwa sauti tatu, ukajibu, "Njoo keshoooo!"

Mlezi alitabasamu. Alidhani ni dua.

"Mwaka huu, hospitali!"

"Njoo keshoooo!"

Alipendezwa hata akaanza kuwaongoza kwa fimbo, sauti ya juu huku, sauti nzito kule. Aliahidi vitu kumi na vinne ambavyo havikuwamo kwenye hotuba, ili waendelee kuimba. Alipofika kwenye gari ndipo dereva alipomweleza. Dereva yule sasa analima mihogo.

Baraza la Mawaziri likaitwa kesho yake asubuhi. Waziri wa Ulinzi alipendekeza foleni zote za zaidi ya watu wawili zipigwe marufuku. Wote wakagonga meza kwa furaha, mpaka Mwanasheria Mkuu alipokohoa.

"Waheshimiwa," alisema, "tukipiga marufuku foleni, itabidi watu wahudumiwe."

Waziri wa Afya aliomba maji ya kunywa.

Dakta Makwinya ndiye aliyeokoa jahazi. "Waheshimiwa, tusiuzuie mchezo. Tuumalize! Mwananchi anashabikia kwa sababu hajui mwisho. Serikali yenu sikivu, makini, yenye macho pande zote, itampa mwisho. Karani wa jukwaani atagonga muhuri, mama atafurahi, pazia litashuka, watu watarudi majumbani. Na wote watakuwa wameona kwa macho yao kwamba serikali inatoa huduma!"

Ikatoka Amri Namba Sitini na Moja: mchezo utamalizika kwa furaha siku ya mia mbili na kumi na nne.

Tatizo likawa muhuri. Sheria ya Mihuri ya Subira inasema atakayekutwa na kitu kinachofanana na muhuri, hata kiazi kilichochongwa, atakwenda jela miaka saba. Muhuri wa kuigizia haukuwezekana. Basi lazima uletwe Muhuri Mkuu wenyewe. Na Muhuri Mkuu haushikwi na mtu mwingine ila Waziri. Basi lazima Waziri mwenyewe aigize karani. Dakta Makwinya alilalamika kwamba ana shughuli nyingi, lakini katibu wake aliniambia alishaanza kujaribu nyusi mbele ya kioo.

*

"Mfaume," Waziri aliniagiza asubuhi ya siku yenyewe, "nitafutie karatasi ya kuigizia. Yoyote, mradi iwe na mahali pa muhuri."

Sasa hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu baadaye palikuwa na maneno mengi. Nilikwenda kwenye kabati la karatasi. Ndani yake palikuwa na karatasi moja tu, nayo ilikuwa maombi ya kuletewa karatasi, inasubiri muhuri. Nikafunga kabati. Muda ulikuwa unakwenda. Nikaenda ghalani, nikamkuta Bi. Siwatu amekaa kwenye sanduku la pamba, anakaza waya wa ndala yake.

"Dada," nilisema, "Mheshimiwa anahitaji karatasi yoyote yenye mahali pa muhuri."

Aliinua uso, akaniangalia. Miaka minne ameniangalia kupitia nondo za dirisha, sikuwa nimejua kwamba ana kovu dogo kwenye kidevu.

"Yoyote?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema. Yoyote."

Akafungua bahasha. Karatasi ilinasa pembeni, nikamsaidia kuitoa mimi. Ilikuwa imelegea kama kitambaa kwa kushikwashikwa, na pembeni palikuwa na alama ya kidole changu cha gumba, kwa sababu ya wino. Nikaitazama juu, nikaitazama chini.

"Hii inafaa," nikasema.

Nasema kwa kiapo: ilikuwa ni uhaba wa vifaa vya ofisi.

*

Saa kumi kasha la chuma liliingia ghalani na askari sita. Televisheni ya taifa ilikuwepo. Mlezi wa Taifa alikuwa akitazama kutoka kitini kwake Ikulu. Bi. Siwatu aliimba kuliko siku zote, na mama wa kabati la chuma akaupigisha mlango mpaka ukapiga kelele kama mbuzi. Dirisha likafunguka. Mheshimiwa Dakta Makwinya akatokeza kichwa, akainua nyusi zote mbili, moja baada ya nyingine.

Akaipokea karatasi. Hakuisoma, mawaziri hawasomi. Akaunyanyua Muhuri Mkuu juu kabisa, akauonyesha umati, akaushusha.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Wanyusi na Wakohozi walikumbatiana. Watu mia tisa walilia bila kuelekezwa. Dakta Makwinya alisimama na muhuri mkononi, kinywa wazi. Miaka kumi na tisa katika siasa alipigiwa makofi na watu waliosogezwa kwa malori. Hakuwahi kupigiwa na mtu aliyekuja kwa miguu yake.

"Tena!" watu walipiga kelele. "Tena! Tena!"

"Tena?" aliuliza, sauti nyembamba.

Akanyoosha mkono apewe karatasi nyingine. Bibi wa kibali cha kisima alikuwa karibu. Akafungua bahasha yake, na bahasha yake haikuwa tupu. Za wote hazikuwa tupu. Hakuna mtu wa Subira anayetembea na bahasha tupu. Kila mmoja alikuwa na lake la miaka. Kisima, pa! Cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka thelathini na sita, pa! Uhamisho wa mwalimu aliyekwisha kustaafu, pa! Kila muhuri ulipogongwa ghala lilishangilia, na kila liliposhangilia Mheshimiwa alipandisha mkono juu zaidi. Aligonga daraja la Mto Kizingo lote, na njia zake mbili za kupandia. Aligonga karatasi mia sita na arobaini, na hakuacha mpaka wino ulipokwisha.

*

Asubuhi yake, siku ya mia mbili na kumi na tano, serikali iligundua kwamba imetoa huduma.

Mlezi aliagiza vyote vifutwe kabla ya saa sita. Lakini kufuta hati kunahitaji Muhuri Mkuu, na Muhuri Mkuu haukuwa na wino, na maombi ya wino yanapitia Dirisha Namba Nne. Mheshimiwa Dakta Makwinya alikuja mwenyewe na fomu. Nyuma yake dereva wake alibeba jiwe la marumaru.

Nikaitazama fomu juu. Nikaitazama chini. Mkono wangu ulikuwa na jasho, kwa kuwa ni Waziri wangu na nampenda.

"Njoo kesho, Mheshimiwa," nikasema.

Bi. Siwatu hakuja dirishani asubuhi hiyo. Alikuwa amekwenda gerezani alfajiri na hati yake. Mkuu wa gereza aliisoma mara tatu, akapapasa muhuri kwa kidole, akaona ni wenyewe. Kisha, baada ya miaka minne ya kumrudisha mikono mitupu, ulimi wake ukamponyoka.

"Njoo kesho, shemeji," alisema.

Saa kumi nilikwenda ghalani. Mchezo ulikuwa umekwisha kwa amri ya serikali, lakini Wanafoleni wote walikuwepo, wamesimama kimya kutoka jukwaani mpaka sokoni, kwa sababu ni saa kumi na hawakujua pengine pa kwenda. Bi. Siwatu alikuwa mbele kama kawaida, mbele ya dirisha la mbao lisilo na mtu. Bahasha ilikuwa kwapani. Haikuwa na kitu, hati ilibaki gerezani. Hakuimba. Niliumia, na sioni aibu kusema. Nilitaka kumwambia kitu, na kitu pekee ninachojua kusema ni kile.

Ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa, akaingia mwanamume amevaa koti la kinyozi, limechakaa, mkasi mfukoni. Mkuu wa gereza, tukajua baadaye, alikaa mezani mpaka mchana akijiuliza kwa nini amesema kesho. Hakupata jibu, akamfungulia.

Mwinshehe alimwona mkewe kule mbele. Akaanza kwenda kwake, akiwapita watu, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mzee, foleni!" walimkemea.

"Panga mstari, baba, wote tumesubiri!"

Hawakumjua. Walimwimbia siku mia mbili na kumi na nne, hawakumjua. Naye ni mtu wa Subira. Alisimama palepale, akaomba radhi, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa foleni, nje, kule sokoni.

Bi. Siwatu alisikia ile sauti ya kuomba radhi. Akageuka. Akatoka mstarini, akashuka jukwaani, akapita katikati yetu na ndala yake ya waya ikiburuza sakafuni, na nafasi yake ya mbele, nafasi ya miaka minne, ikabaki tupu nyuma yake. Watu walishika vinywa. Aliyepiga kelele nilikuwa mimi.

"Jiwe, Bi. Siwatu! Hujaweka jiwe!"

Hakugeuka.

"La nini, kaka Mfaume?"